Mume wangu anashiba kwa mama yake, chakula changu kinalala

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kwetu ni Tabora, na ndiko nilikofahamiana na mume wangu alipokuja kusoma chuo. Ndoa yetu ina zaidi ya miaka kumi. Sina ugomvi mkubwa naye: hanipigi, halewi, ada za watoto analipa. Kwa hiyo utaona ninalokuandikia ni dogo. Kwangu limekuwa kubwa hadi jioni nikifunika sufuria machozi yananitoka.

Mume wangu hali chakula changu cha jioni.

Yeye ananunua dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuwatuma kwa wateja wa Dodoma na Dar es Salaam. Akimaliza kazi anapanda daladala, anapita hapahapa Mwanga, anakwenda Ujiji kwa mama yake, anakula huko, ndipo anarudi. Anafika saa tatu, siku nyingine saa nne. Nikitaka kumwandalia anasema, "Nimeshashiba, weka tu." Asubuhi watoto wanakunywia chai kile kiporo, kinachobaki nampa jirani anayefuga bata. Hajawahi hata siku moja kunipigia simu aniambie nisipike.

Mwanzoni nilidhani shida ni mapishi. Kwetu mboga tunaunga kwa karanga. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ukiyaunga vizuri kwa karanga na mlenda ukawa pembeni, unamkaribisha hata mgeni wa heshima. Hapa kila kitu ni mawese: maharage kwa mawese, dagaa kwa mawese, hata mchicha. Harufu ikipanda kichwa kinaniuma. Nilijaribu nikashindwa, nikarudi kwenye alizeti. Ugali wa muhogo nao nikisonga unatoka na mabonge. Siku moja mama mkwe alikuja kututembelea, akaonja mboga yangu, akasema mbele ya mawifi, "Karanga ni za kutafuna njiani, mwanamume hapewi hizi." Wakacheka. Nami nikacheka nao, lakini sijasahau.

Jambo hili lilianza mwaka 2024, miezi ile ziwa lilipofungwa watu wasivue. Baba mkwe alifariki mwezi wa sita, tukakaa Ujiji kwenye msiba. Baada ya arobaini mimi na watoto tukarudi Mwanga, yeye akaendelea kwenda. Mama amebaki mwenyewe katika nyumba ile, maana mjukuu aliyekuwa naye yuko bweni. Nikasema ni ya msiba, yatapita. Hayajapita.

Kinachoniuma zaidi ni jioni yenyewe. Wakati wa uchumba tulikuwa tunaazima kitabu kimoja kwenye maktaba pale Tabora. Nasoma mimi kwanza, kisha yeye, halafu tunabishana nani katika hadithi alikuwa na haki, mpaka bibi yangu anamkumbusha kwamba usiku umeingia. Hata tulipohamia Kigoma, miaka ya mwanzo tulikuwa tukila huku tunaangalia tamthilia na kuulizana itaishaje. Siku hizi akifika anachomeka flashi yenye filamu za kutafsiriwa, hazipiti dakika kumi amelala kwenye kochi. Binti yetu wa darasa la nne anamsubiri amsomee ukurasa mmoja wa hadithi, anachoka, anakwenda kulala na kitabu chake. Juzi akaniuliza, "Mama, kwani baba anakaa kwa bibi?"

Mimi nabaki na tamthilia yangu ya Kituruki. Humo kuna mama mkwe anayemwondoa mke nyumbani kidogo kidogo, kwa maneno matamu, mpaka mume hamtaki tena. Nikiangalia naona maisha yangu. Dada yangu anasema nipande treni nikae Tabora mwezi mzima, nimwachie watoto, atanijua mimi ni nani. Rafiki yangu wa hapa anasema niache kupika kabisa. Kwenye kicheni pati yangu niliambiwa mume anashikwa kwa tumbo, na hilo tumbo nimeshindwa kulishika. Nifanyeje, Shangazi?

Mama wa Wawili, Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako kalamu ikiwa mkononi, nikapigia mstari mahali wewe ulipopita haraka. Karanga na mawese umevipa aya nzima. Kifo cha baba mkwe wako, na mama kubaki mwenyewe, umevipa sentensi mbili. Mimi naanzia kwenye hizo mbili.

Mwanamke aliyezoea kumpikia mume, mume akiondoka, mara nyingi haachi kula tu, anaacha kupika. Anachemsha chai, anakula kipande cha muhogo, anajilaza mapema. Ugali wa mtu mmoja haumpi sababu ya kuwasha mkaa. Angalia mtaani kwako, wajane wa namna hiyo hawakosekani. Anayewarudisha jikoni ni mtu anayekuja kula. Naamini mume wako aligundua jambo hilo katika siku za baada ya arobaini: akila yeye, na mama anakula. Akikosa kwenda, mama analala na chai. Na kwa kuwa mke wake alikuwa ameshachekwa kwa ajili ya mboga yake, hakujua aanzie wapi kusema, "Nakwenda kula kwa mama."

Itazame ile njia. Kutoka Kibirizi hadi Ujiji anapita Mwanga, karibu na mlango wake, akiwa na njaa ya kutwa nzima. Wewe umeona dharau hapo, na sikulaumu. Lakini kama angekuwa anatafuta mawese tu, mama ntilie wa mwaloni wanayo, tena dagaa wanatoka majini pale pale. Mtu anayevuka chakula chote hicho, akavuka na nyumba yake, anafuata kitu kingine Ujiji.

Lipo na jambo la pili, umelitaja kama tarehe tu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano na nchi tunazochangia nazo ziwa, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Mnunuzi wa dagaa aliyekaa miezi mitatu bila mzigo amekaa miezi mitatu akihesabu sarafu. Mwanamume ambaye asubuhi hakuacha pesa ya matumizi huona haya kunawa mikono jioni. Inawezekana kabisa kwamba alikula kwa mama yake ili kilichopo Mwanga kiwatoshe ninyi watatu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, hilo utamuuliza mwenyewe. Ila msiba na ukata vilimwangukia katika majira yale yale, na ziwa lilipofunguliwa alikuwa ameshazoea kupitiliza.

Usidhani namtetea. Kumtunza mama yake ni haki na wajibu. Kumwacha mke apike kila siku chakula kisicholiwa, bila hata simu, ni kosa, na aambiwe hivyo waziwazi. Kazi yake yote inafanyika kwa simu: bei, magunia, lori limefika wapi. Hashindwi kusema, "Mama watoto, leo usinihesabu." Na yupo mtoto wa darasa la nne ambaye, kwa kukosa maelezo ya wakubwa, ameanza kujitengenezea ya kwake. Hilo linanipa wasiwasi kuliko sufuria.

Sasa nikuombe uweke chini yale uliyoambiwa kwenye kicheni pati. Najua waliokwambia walikupenda. Lakini usemi huo wa kumshika mume kwa tumbo umewatesa wanawake wengi kupita kiasi, kwa sababu umeigeuza sahani ya mume kuwa karatasi ya mtihani: akimaliza umefaulu, akibakiza umefeli. Mtu anaweza kushiba popote. Anachotafuta anaporudi ni wa kumsimulia. Ukinawa, ukamega tonge la kwanza, ulimi unafunguka wenyewe: leo gunia limepanda, fulani amerudi mtupu, lori limekwama Uvinza tangu jana. Hayo yote mume wako anayamalizia Ujiji. Akifika kwako ameshashiba na ameshasema, kimebaki kochi. Wewe umekuwa ukidai ale, naye anakujibu kwa ukweli kwamba ameshiba, mazungumzo yanaishia hapo. Dai maneno, mwanangu. Chakula kitafuata au hakitafuata, lakini maneno ya siku yake ni yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Namna ya kuyadai. Usianze saa nne usiku akiwa amechoka. Mke wa mfanyabiashara wa dagaa hahitaji kuambiwa na mimi kwamba dagaa hufuatwa kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi inalala. Subiri siku hizo za mbalamwezi, anapokuwa na nafasi na simu yake imetulia. Mtilie chai. Mboga, karanga na mawifi usiviguse kwanza. Muulize swali moja: "Baba watoto, usipokwenda Ujiji, mama anakula na nani?" Halafu nyamaza, umpe muda. Nadhani utasikia mambo ambayo hajamwambia mtu, pengine na ya baba yake. Wanaume wengi wa huku wanazika mzazi asubuhi na kesho yake wanaulizwa bei ya gunia.

Akishamaliza, sema la kwako bila kulipunguza. Kwamba unapika na kinalala. Kwamba mtoto ameuliza kama baba anakaa kwa bibi. Mwambie maneno ya mtoto kama yalivyo, usiyatie chumvi, hayahitaji. Kisha mpange siku. Siku hizi anakula kwa mama na wewe unajua tangu asubuhi. Siku hizi anakula Mwanga, anafika mapema. Na siku moja, Jumapili kwa mfano, mnakwenda wote Ujiji na sufuria yako imefunikwa kwa kitambaa. Mjane aliyezoea kumlisha mtu mmoja akijaziwa wajukuu mkekani utaona atakavyoanza kuagiza nazi na ndimu tangu Ijumaa. Kumhamishia Mwanga usimwahidi kwa sababu ya huruma ya siku moja. Hilo ni jambo la ukoo mzima na halina haraka.

Siku unazojua haji, pika chakula chenu watatu. Siku ambazo hakusema, mwekee kidogo kwenye hotipoti na usimlilie. Kuacha kupika kabisa kama rafiki yako anavyoshauri ni kuwaadhibu watoto kwa kosa la baba yao.

Kuhusu mawese, nataka ujifunze, na sababu isiwe kumshinda mama mkwe wako. Unaishi kwenye mkoa wa michikichi, watoto wako ni watoto wa Kigoma, na ni vibaya mtoto akue akidhani chakula cha upande mmoja wa damu yake kinaumiza kichwa. Mara nyingi kinachokera ni mafuta yaliyokaa sana au yenye maji na mashapo, hayo yanachacha na kutoa harufu kali. Nunua kidogo kidogo kwa mtu anayekamua mwenyewe, yaache yatulie, tumia ya juu. Fungua dirisha la jiko, moto uwe wa wastani, usiyaache yafuke moshi, tia kitunguu mapema. Anza na dagaa: wakaange wakavu kwanza mpaka wanukie, waoshe kwa maji ya moto, kisha ndiyo wakutane na mawese, nyanya, ndimu na pilipili. Kama kichwa kinauma hata hapo, basi mwili wako umekataa, na hakuna wa kukulaumu.

Ugali wa muhogo kajifunzie kwa mama mkwe mwenyewe, Jumapili hiyo hiyo. Omba akufundishe kitu hicho kimoja tu. Mtu aliyekucheka mbele ya wengine, mkiwa wawili jikoni anakuwa mtu tofauti, na hapo ndipo mahali pa kumwambia, "Mama, siku ile uliposema kuhusu karanga niliumia." Sentensi moja inatosha, huku unakoroga.

Na karanga zako usiziache. Nasisitiza hili, maana naona katika barua yako dalili za kuanza kuzionea aibu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka nenda rudi samaki wakavu wa ziwa hili wameingia kwenye vyungu vya Tabora wakaungwa kwa karanga. Chukua mgebuka mkavu, umloweke, umtoe miiba, umpike kwenye karanga nzito na nyanya kidogo. Chakula hicho ni cha kwenu na ni cha kwao. Kipeleke Ujiji, kiweke katikati ya mkeka, usikitolee maelezo.

Tamthilia nayo. Sikukatazi kuiangalia, hizi za kutafsiriwa kwa Kiswahili zimetuliza nyumba nyingi jioni. Lakini fikiri zinavyotengenezwa. Hadithi inatakiwa iendelee usiku baada ya usiku, kwa hiyo mama mkwe lazima abaki mbaya na mke lazima asimuulize kitu. Wakikaa jikoni wakasemezana ukweli kwa nusu saa, hadithi imekwisha na watu wa televisheni hawana cha kuonyesha kesho. Wewe hujaandikiwa na mtu. Umemsoma mama wa watu kwa miwani ya mwanamke wa Istanbul, na katika barua yako yote sijaona tendo hata moja alilofanya la kukutoa kwako. Nimeona maneno mabaya ya siku moja na mwanamke anayepika ili asile peke yake.

Nimefika kwenye vitabu, na hapa nina hamu ya kusikilizwa kuliko pengine popote. Siku za Ujiji, saa moja jioni, binti ampigie baba yake asome ukurasa wake mmoja kwa simu, sauti ikiwa kubwa ili bibi naye asikie. Baba amsahihishe akikosea. Haigharimu kitu, na mtoto atalala akijua baba yake yuko wapi na anafanya nini. Siku za Mwanga amsomee ana kwa ana kabla flashi haijachomekwa.

Ninyi wawili rudini kwenye ule utaratibu wa kitabu kimoja. Usimnunulie cha mafundisho ya ndoa, atajua anahubiriwa. Tafuta riwaya yenye watu wa kukosea, soma kwanza wewe, mwachie kwenye begi lake la kazi. Mwaloni kuna saa nyingi za kusubiri mitumbwi na magari. Ulichonisimulia kuhusu Tabora, ule ubishi wa nani alikuwa na haki, si jambo la ujana la kupita. Ulikuwa unampa mume wako nafasi ya kusema anachoamini bila kujisema mwenyewe. Mtu mwenye huzuni anaweza kuanza kumzungumzia mhusika aliyefiwa na baba, akajikuta anamzungumzia baba yake.

Tabora nenda, ndugu wakuone, lakini iwe wakati wa likizo, pamoja na watoto wote wawili, na mume ajue siku ya kwenda na ya kurudi kabla hujakata tiketi. Dada yako anakutakia mema, ila mwezi wa kumnunia hautamfundisha mume wako kitu. Atakula Ujiji kama kawaida, na watoto watakula naye.

Akikwepa mazungumzo ya kwanza, jaribu tena mbalamwezi ya mwezi unaofuata. Akikwepa na hayo, usipeleke habari kwa mawifi wala kwa dada yako. Mtafute mshenga wenu, au baba mdogo wa mume wako, mmweleze kwa utulivu mkiwa wote wawili, na binti yenu asiwepo.